Kinyume cha Mbichi: Namna Watoto Wanavyojipangia Vivumishi

Katika darasa la awali ninalofundisha hapa Moshi, hakuna maneno ambayo watoto huyatumia kwa usahihi mkubwa, kisha wakashindwa kuyaeleza, kama vivumishi. Mtoto wa miaka minne au mitano aliyekulia karibu na mgomba hababaiki kati ya ndizi mbivu na ndizi mbichi. Ukimtuma ataleta ile uliyoitaja, na wewe ukimpa isiyo yenyewe atakurudishia. Hata hivyo, ukimwuliza "mbichi" maana yake nini, hunyamaza kwanza, kisha hujibu "ndizi", au "bado", au "usile". Nataka kuandika kuhusu kinachotendeka akilini mwa mtoto kuanzia hapo hadi siku anapoweza kutoa maana inayosimama yenyewe, kwa sababu nina hakika kwamba zoezi letu kongwe la "andika kinyume" halilingani na mpangilio ambao watoto wenyewe wameshajijengea, na kwamba mara nyingi linawaadhibu wale wanaojua zaidi.

Nomino humpa mtoto pa kushika. Kikombe ni chombo cha kunywea, mbuzi ni mnyama wa kufugwa, na mtoto akishajua jina la kundi na kazi ya kitu, amekwisha kupata nusu ya maana. Kivumishi hakina kundi la namna hiyo. Kizito ni aina ya nini? Hata mtu mzima akibanwa atasema ni kile kisicho chepesi, na akiulizwa chepesi atarudi kwenye kizito. Kamusi nazo hufanya hivyohivyo mara nyingi, wala si kwa uzembe wa watunzi: maana ya maneno haya hukaa katika uhusiano wa sifa moja na nyingine, na katika vitu vinavyobeba sifa hizo.

Nikiyasikiliza majibu ya watoto naona hatua ambazo hazifuatani kwa unyoofu, maana mtoto yuleyule anaweza kuwa mbele kwa neno moja na nyuma kwa jingine. Wadogo hutaja kitu tu: kizito ni gunia, chungu ni dawa, tamu ni pipi. Wanaofuata husimulia tukio, na hapa Kiswahili huwapa umbo linalowafaa sana, lile la -ki-: "Chafu ni ukicheza kwenye tope." "Kali ni ukila unalia." Kisha, kwa baadhi yao, huingia neno dogo ambalo mimi hulisubiri kwa hamu: "Kizito ni kitu ukibeba unachoka." Hilo neno "kitu" ni hatua kubwa mno. Gunia limeondoka, na pamoja nalo limeondoka soko la Mbuyuni, kijana aliyelibeba na siku lilipobebwa. Kimebaki chochote kinachoweza kumchosha yeyote. Mtoto anayesema hivyo ameanza kuitenga sifa na mwenye sifa, na hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo kwa kanuni.

Catherine Snow wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1990, alionyesha kwamba kutoa fasili rasmi ni ustadi unaokua kwa mazoezi ya shule, na kwamba si kipimo cha moja kwa moja cha maneno ambayo mtoto anayajua. Nakubaliana naye kabisa. Mtoto asiyeweza kutamka kwamba uzito ni hali ya kitu chenye uzani mkubwa bado anaujua uzito, na mbele ya bomba ataiacha ndoo ya lita 20 na kuibeba ya lita 10 bila kuelekezwa na mtu. Tukipima msamiati wake kwa ufasaha wa fasili peke yake, tunapima muda aliokaa shuleni.

Kuna njia nyingine ya kuchungulia mpangilio wa maneno akilini, nayo ni kumtajia mtu neno moja na kumwomba aseme neno la kwanza linalomjia. Mwaka 1910 Kent na Rosanoff walifanya hivyo nchini Marekani kwa watu wazima 1,000, na mwaka 1916 Woodrow na Lowell wakatumia maneno kama hayo kwa watoto 1,000 wa shule za Minneapolis. Tofauti iliyoonekana inafaa kila mwalimu wa lugha aijue. Kwa neno lenye maana ya "laini", zaidi ya watu wazima 300 walijibu "ngumu", ilhali watoto waliojibu hivyo hawakufika 50. Watoto walipendelea zaidi kutaja vitu vilivyo laini, kama mto wa kulalia. Kwa neno lenye maana ya "-enye giza", watu wazima wengi waliitika kwa mwanga, lakini watoto waliitika kwa usiku. Mwaka 1961 Susan Ervin alieleza kwamba badiliko hili, kutoka kujibu kwa neno linaloandamana na lile ulilotajiwa hadi kujibu kwa neno linaloweza kukaa mahali pake, hukua kadiri mtoto anavyopanda madarasa. Kwa maneno mengine, mtoto mdogo huhifadhi kivumishi pamoja na nomino yake, na mkubwa huanza kukihifadhi pamoja na kivumishi mwenzake.

Kwa watu wazima, mwenzake huyo aghalabu ni kinyume. James Deese aliona mwaka 1964 kwamba vivumishi vya Kiingereza vinavyotumika sana huitana kwa jozi za kinyume, huku visivyotumika sana vikiita nomino hata kwa watu wazima. Kundi la George Miller katika Chuo Kikuu cha Princeton, lililoanza mwaka 1985 kutengeneza hifadhidata ya maneno iitwayo WordNet, lilipofika kwenye vivumishi lilivipanga kwa ncha mbili: kila ncha ina kivumishi kikuu kinachokabiliana na kinyume chake, na vivumishi vingine hukizunguka kwa kufanana nacho. Tukikopa mpango huo kwa Kiswahili, "kavu" ingekaa kwenye ncha moja ikizungukwa na "kame" na wenzake, na ncha ya pili ingeshikwa na "-nyevu". Nasema ingekaa, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kinapoanza kutuonyesha jambo ambalo mpango wa ncha mbili hauwezi kulibeba lote.

Binti wa dada yangu anasoma darasa la pili katika shule moja ya hapa mjini. Muhula uliopita alirudi na daftari lenye zoezi la vinyume, na mbele ya neno "mbichi" alikuwa ameandika "kavu". Alikuwa amekosa, jibu lililotakiwa lilikuwa "mbivu". Nilipomwuliza kwa nini aliandika vile, alinijibu bila kusita: "Mama mdogo, kuni za bibi zilikuwa mbichi, haziwaki, tukaziacha zikauke." Likizo huwa anaikalia Kibosho kwa bibi yake, na huko kuni mbichi ni jambo la kila jioni. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa, na lilitoka mahali ambapo maana huzaliwa. Ukuni mbichi hauivi, wala hakuna ukuni mbivu duniani.

Hebu tulifuate neno hilo moja. Embe bichi linakabiliana na embe bivu. Nyama mbichi inakabiliana na nyama iliyopikwa, au iliyoiva, kwa hiyo kinyume chake si kivumishi hata kidogo, ni kitenzi. Majani mabichi yanakabiliana na majani makavu. Tofali bichi linakabiliana na tofali la kuchoma, na hapo kinyume kimekuwa a-unganifu na kitenzi-jina. Ndizi mbichi kwetu Kilimanjaro zina habari yake ya pekee, kwa sababu ndizi mbichi ni chakula kamili, ndiyo ya mtori na ndiyo ya kupika na nyama, wala haihesabiwi kuwa ndizi yenye upungufu. Mtoto wa hapa hawezi kuliweka neno hilo upande wa mambo mabaya wala upande wa mazuri: kuni mbichi zinaudhi, ndizi mbichi zinatafutwa, nyama mbichi mtoto hukatazwa kuigusa. Anachojua ni kwamba kuna hali ya kwanza ya kitu, kabla jua, moto au siku hazijakigeuza, na kwamba kila kitu kina njia yake ya kutoka katika hali hiyo. Hakuna mtoto wa miaka saba atakayekueleza hivyo kwa maneno haya. Lakini mwenye kuandika "mbivu" kwa ndizi na "kavu" kwa kuni analo wazo hilo zima.

Katika zoezi lilelile aliandika kwamba kinyume cha "nyembamba" ni "pana", akakosa tena, kwa kuwa mwalimu alitaka "nene". Mtu mwembamba hukabiliana na mtu mnene, ni kweli, lakini njia nyembamba hukabiliana na njia pana, na umbo "nyembamba" lenyewe, lenye kiambishi cha ngeli ya njia, lilimpa kila sababu ya kufikiria njia. Mtoto alikuwa amesoma upatanisho wa kisarufi uliokuwa ndani ya swali, pengine bila kujijua. Sisemi haya kumlaumu mwalimu, ambaye ana daftari nyingi za kusahihisha na orodha ya majibu aliyoletewa. Nasema orodha yenyewe ina kasoro.

Maneno ya namna hii ni mengi, na mtoto huyakuta mapema. "Kali" hukabiliana na "pole" kwa mbwa na kwa mwalimu, na "butu" kwa kisu. Kwa pilipili na kwa jua hakuna kinyume cha neno moja, nasi husema tu haiwashi, au limepoa. "Gumu" hukabiliana na "laini" kwa mkate na "rahisi" kwa hesabu. "Zito" na "epesi" hukutana kwenye mizigo na pia kwenye uji, lakini kazi nyepesi haikabiliani na kazi nzito tu, hukabiliana na ngumu vilevile. Mzee hukabiliana na kijana, ambalo ni nomino, na nguo kuukuu hukabiliana na nguo mpya. Charles Osgood na wenzake walionyesha mwaka 1957 kwamba watu wazima wanapopima maneno kwa jozi za vivumishi, hukumu zao hujipanga hasa juu ya uzuri na ubaya, kisha nguvu na unyonge, kisha wepesi na utulivu wa kutenda. Naliona hilo la kwanza likiwa na nguvu sana kwa watoto wa darasani kwangu. Kwa wengi wao "mkali" huanza kama neno baya, neno la mbwa na la mtu anayefoka, na mtoto hushangaa anaposikia mama akisifu kisu kwa kuwa ni kikali. Mshangao huo una faida: unamlazimisha kuligawa neno, sehemu moja ibaki kwa mbwa, nyingine iende jikoni.

Je, mtoto hupata wapi jozi hizi, ikiwa hakuna anayemkalisha kumfundisha? Justeson na Katz walichunguza maandishi ya Kiingereza na kuonyesha mwaka 1991 kwamba vivumishi vya kinyume hukutana katika sentensi moja mara nyingi kuliko ambavyo ingetarajiwa kwa bahati tu. Anayeishi na watoto hahitaji kusadikishwa. "Acha hiyo chafu, vaa safi." "Usichukue kubwa, chukua ndogo." Sentensi za kulea zimejaa jozi, na ndani yake nomino huwa ipo, imetajwa au inaonekana. Susan Carey na Elsa Bartlett waliitumia njia hiyohiyo katika jaribio lao maarufu la mwaka 1978: walimwomba mtoto wa miaka mitatu au minne alete sinia, si lile la bluu, bali lile la rangi fulani ambayo jina lake hakuwahi kulisikia kama jina la rangi. Kwa kusikia mkabala huo tu, watoto walielewa sinia lipi linatakiwa, na baada ya siku kadhaa wengi wao walikuwa bado na kumbukumbu fulani ya neno hilo, ingawa iliwachukua muda mrefu zaidi kujua mipaka ya rangi yenyewe. Ndiyo maana naamini kwamba kuelewa kivumishi kwa haraka na kukielewa kwa ukamilifu ni mambo mawili tofauti.

Vivumishi vya ukubwa vina mashaka yake. Eve Clark alipendekeza mwaka 1973 kwamba watoto hujifunza maneno ya jumla ya ukubwa kabla ya yale yanayotaja upande mmoja tu wa ukubwa huo, yaani "kubwa" na "dogo" kabla ya "refu" na "fupi", na hayo kabla ya "pana" na "embamba". Darasani nasikia mti mrefu ukiitwa mkubwa kila siku. Lakini Kiswahili kimeongeza fumbo jingine ambalo mtoto hulikuta sebuleni. Mimi ni mdogo wake dada yangu kwa kuzaliwa, nami nimemzidi kimo, binti yake alipokuwa na miaka mitatu hivi aliuliza mbele ya wageni, "Mbona mama mdogo ni mkubwa?" Lilikuwa swali zito. Alikuwa amegundua kwamba "-kubwa" na "-dogo" katika majina ya ukoo hupima utangulizi wa kuzaliwa, na katika mambo mengine hupima umbo, na kwamba vipimo hivyo viwili vinaweza kupingana ndani ya mtu mmoja. Tulimjibu kwa kumwonyesha baba mkubwa wake, ambaye ni mfupi kuliko baba yake, akaridhika.

Kipimo pia hubadilika kulingana na vinavyolinganishwa. David Barner na Jesse Snedeker walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miaka minne, wakiwekewa vitu vigeni vya vimo mbalimbali, huamua vipi virefu na vipi vifupi kwa kuangalia kundi lote lililo mbele yao, na kundi likibadilishwa nao hubadilisha hukumu. Kwetu ushahidi umesimama nje ya dirisha. Mtoto wa Moshi huona vilele viwili, Kibo na Mawenzi, naye husema bila shaka yoyote kwamba Mawenzi ni mfupi. Mawenzi una mita 5,149. Mtoto wa Arusha huuona Mlima Meru kila asubuhi, akakua akijua kuwa ni mlima mrefu sana, nao una mita zaidi ya 4,500 tu, yaani hauufikii ule ambao mwenzake wa Moshi anauita mfupi. Wote wawili wako sahihi kwa kundi walilo nalo, maana wa kwanza analinganisha na Kibo wenye mita 5,895, na wa pili analinganisha na vilima vinavyouzunguka Meru.

Kulikuwa na wakati ambapo wataalamu walidhani watoto huchanganya ncha mbili za jozi. Margaret Donaldson na George Balfour, huko Uskoti mwaka 1968, waliwaonyesha watoto wa miaka mitatu na minne miti miwili ya matofaa iliyotengenezwa kwa maonyesho, wakauliza upi una matunda machache zaidi. Watoto wengi walijibu kama walioulizwa upi una mengi zaidi. Ilidhaniwa kwamba neno la uchache kwao lina maana ya wingi. Baadaye, mwaka 1978, Susan Carey aliwaomba watoto wabadilishe kiasi cha chai kwenye glasi, akitumia neno la kubuni lisilo na maana yoyote mahali pa neno la uchache, nao wakaongeza chai vilevile. Kumbe kuongeza ni jambo ambalo mtoto hulipendelea pale asipokuwa na uhakika. Nalitaja jaribio hili kwa walimu wenzangu kwa sababu lina onyo kubwa: jibu lisilo sahihi halituambii peke yake nini kimo kichwani mwa mtoto.

Upande wa upatanisho, Kiswahili kinamdai mtoto kazi ambayo Kiingereza hakimdai. Mzizi wa "-eupe" hausikiki kamwe ukiwa peke yake. Mtoto husikia mweupe, weupe, cheupe, vyeupe, jeupe, meupe na nyeupe, na kutokana na maumbo hayo lazima atambue kwamba sifa ni moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981 huorodhesha mizizi ya namna hiyo kwa kistari, kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta "vikubwa" lazima awe ameshajua kuvua kiambishi kabla hajafungua kitabu. Habari njema ni kwamba watoto huifanya kazi hii mapema. Katherine Demuth, aliyewafuatilia watoto wa Kisotho nchini Lesotho miaka ya 1980, aliona kwamba upatanisho hushikwa mapema na kwa makosa machache, na kwamba mtoto anaweza kudondosha kiambishi cha nomino yenyewe huku akikiweka sawasawa kwenye neno linaloiandamia. Makosa ninayoyasikia mimi ni ya wenye kanuni: "kiboko kikubwa", "kifaranga kidogo", kwa kufuata ki- inayoonekana na kusahau kwamba kiumbe hai hupatanishwa kama mtu, au "nyumba refu", kwa kutojua kwamba hapo neno hugeuka kuwa "ndefu". Anayesema "gari mpya" simhesabii kosa la utoto, maana mitaani Arusha na Moshi watu wazima husema hivyo kutwa.

Mpangilio wa maneno nao unatusaidia. Mwaka 2010 Michael Ramscar na wenzake walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa miaka miwili wanaojifunza rangi kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa kawaida hutanguliza sifa. Waliosikia jina la kitu kwanza na rangi baadaye walipata nafuu iliyoonekana. Waliosikia rangi kwanza hawakuipata. Maelezo yao ni kwamba jina likitangulia, mtoto hushajua anatazama nini, na akili yake hubaki na kazi moja tu ya kutafuta sifa. Kiswahili husema "kikombe chekundu" kwa maumbile yake, na sioni kwa nini tuupoteze msaada huo. Walio na watoto katika shule za mchepuo wa Kiingereza, ambao hapa ni wengi, wanaweza kuutumia kwa lugha zote mbili, kwa kutaja kwanza kitu kisha kusema kina sifa gani.

Rangi zenyewe nitazigusa kwa ufupi. Brent Berlin na Paul Kay walieleza mwaka 1969 kwamba lugha zenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na ya nyeupe, nyeusi na nyekundu, na hizo ndizo rangi ambazo Kiswahili kina vivumishi vyake vyenye kupokea viambishi vya ngeli. Nyingi za zilizobaki zimebeba maana yake waziwazi: kijani ina jani ndani yake, kijivu ina jivu, kahawia ina kahawa, zambarau ni tunda. Mtoto akiulizwa kijani ni nini hujibu "ya majani", na kwa mara ya kwanza ametoa fasili inayokubalika kamusini. Kwa zile tatu hana msaada huo, hivyo hushikilia vitu na sauti: nyekundu kama damu, nyeupe pe, nyeusi ti. Watoto wa jamii za wafugaji wanaotoka upande wa Monduli huja na hazina nyingine kabisa, ya majina ya rangi na mabaka ya ng'ombe, na ni hasara kubwa wanapoambiwa hawajui rangi kwa sababu tu hawajazoea chati ya ukutani.

Darasani kwangu nimeacha kuuliza kinyume cha neno lililo uchi. Naandika ubaoni "kuni mbichi, kuni ___" na chini yake "nyama mbichi, nyama ___" na "tofali bichi, tofali ___", kisha nawaacha wabishane. Ubishi huo una mafunzo kuliko jibu, kwa kuwa mtoto mmoja hutetea "kavu", mwingine "iliyoiva", na wa tatu huuliza kama saruji nayo inaweza kuwa mbichi, jambo ambalo fundi yeyote wa ujenzi atamthibitishia. Baada ya hapo ndipo nauliza "mbichi" maana yake nini, nikiwa nimeviacha vitu vyote vitatu ubaoni, na hapo ndipo majibu yenye neno "kitu" huongezeka: "Ni kitu bado hakijafika." Kwa wanaotunga mitihani ya darasa la pili na la tatu ombi langu ni dogo na halina gharama. Wekeni nomino kando ya kila kivumishi mnachokitolea kinyume, na pale ambapo nomino haipo, mwalimu aruhusiwe kukubali kila jibu ambalo mtoto anaweza kulitajia kitu chake.